Tupeane uzoefu: kaprogramu gani kadogo kwenye kompyuta yako kamewahi kukuokoa, au kukuliza?

Mzee wa Steshenari

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari karibu na chuo, mwaka wa saba sasa. Leo kaja binti wa mwaka wa tatu, saa mbili kasoro usiku, ripoti ya field anatakiwa kuikabidhi kesho asubuhi. Kachomeka flashi, ndani hakuna kitu zaidi ya shotikati, kila moja KB 1. Machozi yanamlenga.

Nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaandika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* nikapiga Enter. Sekunde chache ikajitokeza folda isiyo na jina kabisa, unaona kialama cha folda tu na chini yake patupu. Ndani yake ripoti nzima, kurasa 46. Ile vairasi huwa haifuti kitu, inaficha faili halisi na kukuwekea shotikati za uongo ili ukizibofya isambae. Binti kanishika mkono kama nimemfufulia mtu.

Sasa kilichonifanya nije hapa ni hiki: laptopu yake nimekuta ina antivairasi mbili zinazogombana na "kiongeza kasi" kimoja kinachopiga kelele kila dakika kumi. Vyote vimeshindwa. Kilichomsaidia ni amri ambayo imo ndani ya Windows toka enzi, haina tangazo wala haidai chochote.

Hebu leteni za kwenu. Sitaki maelezo ya kwenye boksi, nataka kilichokutokea wewe. Kama ni programu iliyokuliza, eleza ilifanya nini, jina la mwenye nalo acha. Mambo ya kuitana mahakamani sina nguvu nayo.

Kwa upande wa kutunza kazi za wateja mimi situmii programu yoyote. Nina flashi yangu ya TB 1 ya Kariakoo, elfu thelathini tu, kila jioni namwaga kazi humo. Haijawahi kunisumbua.

Mpiga Picha wa Ziwa

Yangu ni PhotoRec, ya kufufua picha zilizofutika. Naieleza kwa kirefu maana ilininusuru na ukoo mzima.

Harusi hapa Mwanza, Jumamosi. Jumapili asubuhi kamera ikaniuliza kama nifomati kadi, nikakubali nikidhani nimeweka kadi ya pili. Ilikuwa ya kwanza. Kanisani, maandamano, keki, vyote hewa. Nilikaa kitandani nikaangalia ukuta.

Jambo moja nililofanya sawa ni kutoa kadi palepale na kutopiga hata picha moja zaidi. Kamera ikifomati kwa haraka inafuta daftari la majina tu, picha zenyewe bado zimelala mle hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec haihangaiki na hilo daftari. Inapita kadi nzima ikitafuta mwanzo wa picha, ule mwanzo ambao kila JPEG huwa nao, na inachokiona inakizoa. Haina sura, ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi, unachagua kwa mishale. Muhimu usiihifadhie kwenye kadi ileile, peleka kwenye diski nyingine.

Imenirudishia picha zaidi ya 1,900. Ila majina yote yamepotea, unapewa f na tarakimu zake, na inazoa hata za zamani. Mimi nikapanga usiku kucha, macho yamevimba, nikakabidhi albamu. Siku ya tatu bibi harusi ananipigia: "Kaka, huyu Askofu anayewapaka watoto mafuta aliingia saa ngapi kwenye harusi yangu?" Kipaimara cha wiki mbili nyuma. Nilicheka, yeye hakucheka.

kijana_wa_mbagala

WinRAR, ya kufungulia faili zilizobanwa. Siku 40 za majaribio, mimi niko mwaka wa tisa.

Fundi Pasua

Mkuu hapo juu cheka lakini uiangalie hiyo WinRAR yako ni toleo gani. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point walianika tundu lililokuwa limekaa mle miaka kama 19, kwenye kipande cha kufungulia faili za ACE, aina ya zamani ya faili zilizobanwa. Wenye WinRAR walilifunga kuanzia toleo 5.70. Tatizo WinRAR haijisasishi yenyewe, kwa hiyo ya mwaka wako wa kwanza ndiyo hiyohiyo uliyonayo leo. Mimi nimehamia 7-Zip, ni ya bure kweli, na kazi inafanya.

kijana_wa_mbagala

Duh. 5.21. Naenda.

Karani wa Mishahara

Mimi ni upande wa kilio. Kompyuta ya ofisini ilikuwa nzito, nikapakua programu ya kusafisha. Ikakimbia dakika mbili ikaniambia mashine ina makosa 1,347, mengine yamewekewa alama nyekundu kama ya hospitali. Kurekebisha 50 bure, yaliyobaki ulipie kwa dola. Nikalipa kwa kadi yangu, hela ya ada ya mtoto ile.

Ikasafisha. Kesho yake printa haitambuliki, na programu ya malipo haifunguki, inadai kuna kipande hakipo. Tarehe 24, wakuu. Watu wanasubiri hati za mishahara. Fundi kaja kapiga Windows upya, siku mbili zimekatika. Aliniambia Microsoft wenyewe wameandika kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows, ukiharibikiwa ni juu yako. Yale "makosa" mengi yalikuwa ni mabaki ya programu zilizokwisha kuondolewa, yamekaa kimya hayamdhuru mtu. Nilipomuuliza kwa nini basi ilikuwa nzito, akafungua kifuniko akanionyesha RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 2 tu.

binti_kigamboni

Pole sana dada Karani. Mimi bando lilikuwa linaisha usiku nimelala. Nilimshuku mdogo wangu wiki nzima, tukanuniana. Kumbe ni laptopu inavuta masasisho kwenye hotspoti ya simu. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la mtandao wako, washa palipoandikwa Metered, yaani mtandao wa kupimiwa. Basi. Mdogo wangu nilimwomba radhi na chipsi mayai.

Mwalimu wa Zamu

Kuna kitu kinaitwa WinDirStat. Laptopu ya nyumbani ina SSD ya GB 128, ikajaa hadi Word inakataa kuhifadhi. Nikaiwasha hiyo WinDirStat, inakuchorea diski nzima kwa miraba ya rangi, faili kubwa mraba mkubwa. Nikaona pale pembeni kuna bonge la rangi moja limekaa kama shamba la mkonge. Nikabofya: folda inaitwa "Notisi za Kemia", GB 61.

Nikasema kijana wangu wa kidato cha tano anasoma, Mungu mkubwa. Nikafungua. Tamthilia za Kikorea, msimu kwa msimu, zimepangwa kwa nidhamu ambayo sijawahi kuiona kwenye daftari lake lolote.

Ya pili ni Everything, ya kutafuta faili. Unaandika herufi tatu na jibu limeshatokea, maana inasoma orodha ya majina ya diski moja kwa moja, haichungulii folda moja moja kama utafutaji wa kawaida. Maandalio ya somo ya miaka minane nayapata kabla kengele haijagonga.

mwana_wa_kisiwandui

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Maskati kikazi. Nilimtumia pesa mtoto wa dada yangu Unguja anunue laptopu, akaniambia kapata mpya, na nailoni yake juu. Nikamwambia mwanangu, weka CrystalDiskInfo, kisha nipigie picha.

Afya ya diski ilikuwa bluu, yaani nzima. Lakini macho yangu yakaenda kwenye mstari wa saa ilizowashwa: 21,346. Gawa kwa 24 upate siku 889. Laptopu "mpya" imewaka karibu miaka miwili na nusu mfululizo! Akarudi dukani, muuzaji akamjibu eti hizo ni saa za kujaribiwa kiwandani. Kiwanda gani hicho cha subira namna hiyo? Baada ya maneno marefu wakampunguzia thuluthi ya bei. Mtoto hakudanganya, naye alidanganywa.

Mkinunua mtumba angalieni pia mistari ya 05 na C5, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika au zinazotiliwa shaka. Ikiwa na namba na namba inapanda wiki kwa wiki, hamisha vitu vyako, diski inakuaga.

Fundi wa Kwaya

Nilikuwa nasoma tu, lakini ngoja niseme.

2020 nilitaka programu ya kuhariri muziki bila kulipa. Nikapata ya kuvunja kufuli. Maelezo yake yalianza hivi: zima Defender, ile kinga ya Windows, kwanza, maana inaisingizia faili yetu. Nikazima. Yaani mwizi kaniomba nimfungie mbwa, nikafunga, nikamshikia na taa.

Dakika kama ishirini baadaye kila faili imeota mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ina _readme.txt: lipa dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 utapewa nusu bei. Kwaya ilikuwa imerekodi nyimbo kumi na moja, nyingine sauti ya kwanza imeimbwa na mama mmoja ambaye sasa ni marehemu.

Aina hii wanaiita STOP au Djvu. Emsisoft walitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019 kwa aina 148 za mwanzo. Yangu ilikuwa ya baadaye, na imefungwa kwa ufunguo wa mtandaoni, yaani kila mtu na wake. Ingeshindwa kufika kwenye seva yao ingetumia ufunguo wa pamoja, ambao mara nyingine hupatikana. Siku hiyo bando lilikuwepo, tena la spidi.

Sikulipa. Lile diski nimelifunga kwenye soksi, liko kabatini. Kila baada ya miezi kadhaa naingia kuangalia kama kuna ufunguo mpya.

binti_kigamboni

Kaka 😔

Fundi Pasua

Usilitupe hilo diski, na usilifomati. Si utani.

pwani_kwetu

Salamu kutoka Mombasa. Nimerudi juu kusoma tena habari ya mwenye uzi na flashi yake ya TB 1 ya elfu thelathini, moyo ukanidunda. Ndugu yangu, mimi yangu ilikuwa TB 2, nilinunua kwa kijana aliyepanga bidhaa juu ya turubai, shilingi 1,200 za Kenya. Kompyuta inasoma TB 2 vizuri kabisa. Ile chipu ndani imefundishwa kusema uongo. Ukipita kiasi chake cha kweli inaendelea kupokea, unaona majina ya faili yote yapo, lakini ndani ni upepo.

Tafuta H2testw, ya Wajerumani, ni kidogo mno. Inaandika faili za GB 1 moja moja kisha inazisoma kama zimerudi vilevile. Usiiambie ijaze TB nzima utazeeka, chagua MB 100,000 tu, inatosha kumuumbua. Hamisha vitu vyako kwanza.

Mzee wa Steshenari

Mkuu usinitishe usiku huu. Ngoja nihamishe.

Nimeiwasha saa tatu na robo. Inaandika MB 8 kwa sekunde.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo ni saa tatu na nusu kuandika tu, bado kukagua. Chemsha chai.

Mzee wa Steshenari

Wakati inaandika nimejaribu kufungua zile nilizohamisha. Kazi za mwaka jana zote zinafunguka. Kuanzia Machi mwaka huu kuja huku, Word inaniambia faili imeharibika. Nimejaribu tisa. PDF nazo zinafunguka kurasa nyeupe.

pwani_kwetu

Machi ndipo ilipojaa, basi.

Mzee wa Steshenari

Imemaliza. GB 29 ndizo nzima. Duka nalikumbuka, kesho nafungua steshenari saa sita.