Tupeane uzoefu: pikipiki mpya ya safari na vifaa vya kuongeza, huku kwetu Malindi

Kaskazi_Malindi (mwenye mada)

Wakubwa kwa wadogo, hamjambo. Nimechukua Royal Enfield Himalayan 450 mpya pale Mombasa na nimekuja nayo mwenyewe mpaka Malindi, kilomita kama 120 na matuta yake yote. Mashine haina neno: injini ya cc 452 inayopozwa kwa maji, tangi la lita 17, gurudumu la mbele inchi 21. Ila nilikabidhiwa na karatasi ya vifaa vya kuongeza, ndefu kuliko risiti yenyewe. Masanduku ya alumini, taa za ukungu, vyuma vya kinga, kioo kirefu, mpaka kishikio cha simu. Muuzaji alitaka vyote vifungwe palepale dukani, hata sijaiendesha.

Nimechukua kinga ya chini ya injini na vyuma vya pembeni, basi. Chaja ya USB imekuja nayo toka kiwandani, ya pili ya nini? Orodha ile naona imeandikwa na mtu asiyeijua Pwani. Huku kuna chumvi, mchanga na jua. Ukungu wa kuwashia taa sijauona tangu nizaliwe. Kwa hiyo mwenye kuendesha mashine ya aina hii Malindi, Watamu, Marafa, mpaka Lamu huko, atuambie alifunga nini, kilikaa vipi, na kipi alikivua. Ya kwenye matangazo tumeshayasoma. Leteni yaliyowakuta.

Fundi_Waya

Mimi sina pikipiki hizo bwana, lakini zinaletwa kwangu Maweni, na karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja: taa. Mtu ananunua jozi ya taa za LED, anampa kijana yeyote amfungie. Kijana anachuna waya wa taa kubwa, anazungushia waya mpya juu yake, anaviringisha tepu nyeusi, kazi imeisha. Siku hiyo zinawaka vizuri sana. Msimu mmoja wa upepo wa bahari ukipita, ukibandua ile tepu gundi imekuwa ujiuji na shaba ya ndani imegeuka kijani. Ukiivuta kidogo tu inakatika vidoleni.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili za wati 20 ni wati 40. Gawa kwa volti 12, unapata ampia tatu na kitu. Si nyingi, lakini ule waya mwembamba na swichi ya kwenye usukani havikutengenezewa mzigo wa nyongeza. Chukua umeme betrini moja kwa moja, upitishe kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili ipitishe mwingi, na rilei iamshwe na waya unaopata umeme pale tu ufunguo ukiwashwa. La sivyo iko siku utasahau taa zinawaka, asubuhi stata haigeuki, na mashine hizi mpya hazina kiki. Fyuzi ikae karibu na betri iwezekanavyo, maana waya ukigusa chuma kabla ya kufika kwenye fyuzi, fyuzi hiyo haikulindi na kitu. Nimeona fyuzi imefungwa kule mbele kabisa, karibu na taa, kama pambo!

Waya za ABS, zile za breki zinazozuia gurudumu kujifunga, na za kompyuta msiziguse kabisa. Kuchuna waya wa kiwandani kunampa muuzaji sababu nzuri ya kuikataa dhamana, na hapo simlaumu.

Halafu taa zenyewe ziinamisheni. Barabara ya Mambrui usiku tunapofuana macho wenyewe kwa wenyewe.

Baridi_Limuru

Yangu ilitoka Uingereza imetumika, ina mishikio inayopasha mikono joto. Mwenye kuhitaji joto Malindi anitafute, nitamfungulia bure.

Mwalimu_Gongoni

Asante kaka Fundi. Mimi nina Honda XR150L. Sijui kama wenye mashine kubwa mnaihesabu, lakini inanipeleka Gongoni siku za shule na Marafa nikitaka kupunga upepo, kwa hiyo naihesabu mwenyewe.

Wenzangu mnaogopa kuanguka, mimi naogopa chumvi. Njia yangu inapita jirani na viwanda vya chumvi, na kusi ikishika unaramba mdomo unaisikia. Nilifungiwa kinga za mikono za alumini zenye bolti za chuma cha pua, nikaambiwa hizi hazipati kutu maisha. Kweli bolti hazikupata. Lakini chuma cha pua kikikaa na alumini halafu maji ya chumvi yakaingia katikati, inayoliwa ni alumini. Nilipotaka kuzivua, tundu limejaa unga mweupe na bolti haisogei hata kwa spana ndefu, fundi akaishia kukata kwa msumeno. Siku hizi hakuna kinachofungwa kwenye pikipiki yangu kabla sijaona meno ya bolti yamepakwa grisi. Mafundi wananicheka, wacha wacheke.

Kuosha nako kuna mambo. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi, unaondoa chumvi kwa chumvi. Mimi hutumia maji ya mfereji, haya ya Baricho, ndoo na kitambaa, kisha naipaka cheni mafuta. Ile bomba ya presha kubwa sitaki ielekezwe kwenye beringi.

Na masanduku ya alumini wala sikuyawaza. Nilimpelekea vipimo fundi anayeshona maturubai ya malori, akanishonea mikoba miwili yenye mdomo wa kukunja. Madaftari ya watoto hayajawahi kulowa.

Mpaka_Mokowe

Mwalimu umenena. Mimi nilikuwa na masanduku ya alumini kwenye Honda CB500X. Kwenye lami ya Garsen kwenda Witu ni raha tupu, unafunga kwa ufunguo, unaingia hotelini kunywa chai bila wasiwasi. Tabu inaanza ukiacha lami. Kwenye mchanga miguu haitulii, unaishusha chini kusawazisha, na sanduku liko papo hapo nyuma ya muundi. Mimi mguu ulibanwa, nikachechemea wiki nzima. Mikoba laini ingenigonga tu ikaachia.

Lingine hamjalisema: upana. Masanduku yangu yalikuwa mapana kuliko usukani. Mbele unapita, unadhani umepita, kumbe nyuma umeshamkwangua mwenye tuktuk na sasa mnatafutana maneno sokoni.

Na anayekwenda Lamu akumbuke pikipiki inabaki Mokowe, wewe unapanda boti. Sanduku lililofungwa kwa bolti nne utalibebaje? Tafuta la kuchomoa mara moja, au weka begi la ndani lenye mkanda.

Mzigo ukiwa wote nyuma kaza springi ya nyuma, la sivyo mbele kunakuwa kwepesi na taa inamulika minazi.

Chakama21

Kaka Kaskazi, kwenye karatasi yako sijaona kitu cha kwanza: tyubu. Bodaboda zetu ziko inchi 17 na 18, hizo utazipata hata kwenye kioski Lango Baya. Ya inchi 21 utaizunguka Malindi nzima mpaka jua lizame. Agiza Mombasa, weka ya akiba chini ya kiti. Na kama nafasi ni ya moja tu, beba hiyo ya 21. Kwa dharura huingia hata kwenye tairi la nyuma la 17. Ya 17 ukiivuta ivae 21, hapo unatafuta balaa.

Mchangani watu hupunguza upepo, na inasaidia kweli. Ila kwenye tairi la tyubu usizidishe. Tairi linateleza kwenye rimu, linaivuta tyubu, valvu inang'oka. Kapampu kadogo kana thamani kuliko taa zote za Fundi, aniwie radhi.

Ongezea hii kwa wenye Himalayan ya zamani, ile ya cc 411: vile vyuma vya ubavuni mwa tangi vilivyokuja nayo ni vya kufungia mizigo, wala si kinga ya kuanguka. Wengi hudhani wameshalindwa.

Mpiga_Picha

Simu. Mwaka 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwa sababu ndani mna kioo kidogo kinachochezacheza ili picha isitikisike. Himalayan ni silinda moja, inatetema. Nunueni kishikio chenye mpira wa kumeza mtetemo, au tumieni simu ya zamani kwa ramani. Hii yangu sasa ikipiga picha, Gede yote inaonekana iko chini ya maji.

Bima_Kwanza

Kama bima ni kubwa, si ile ya mtu wa tatu peke yake, waandikieni kampuni vifaa mlivyoongeza pamoja na risiti. Kisichoandikwa ni vigumu kukidai.

Kaskazi_Malindi

Nimewasikia. Masanduku yamekufa. Mwalimu, naomba unielekeze kwa huyo fundi wa maturubai. Tyubu nimeshampigia mtu Mombasa. Kioo kirefu nimejaribu cha jamaa: upepo ulikuwa unapita kifuani, sasa unapiga helmeti, kelele tupu, na kwa joto hili nautaka huo upepo. Kimerudi kwake.

Taa lakini nazitaka, Fundi. Narudi usiku kutoka Marafa, na punda wa huko hawana rifleksa.

Fundi_Waya

Zilete na boksi lake nione wati zilizoandikwa. Rilei usinunue, ninazo. Na uje asubuhi, mchana chuma kinachoma.