Gumzo la ukoo: Mjomba anawatetea Uriah Heep

Mpwa: Shikamooni wakubwa. Nimekutana na orodha ya bendi kubwa za roki za miaka ya 70. Led Zeppelin, Deep Purple, Black Sabbath, Queen. Mjomba mwenye santuri, unasemaje?

Mjomba: Marahaba mwanangu. Uriah Heep umewaona?

Mpwa: Hawamo.

Mjomba: Basi hiyo orodha ina pengo. Ngoja nimalize chai nikuandikie.

Shangazi: Umemgusa penyewe 😄

Binamu: Ndio akina nani hao? Kama jina la mtu.

Mjomba: Ni jina la mtu, mnafiki mmoja kwenye riwaya ya Dickens. Bendi ilianzia London mwaka 1969. Mick Box gitaa, David Byron mwimbaji, Ken Hensley ogani ya Hammond, yaani kinanda cha umeme, na huyo Hensley ndiye aliyetunga nyimbo nyingi. Albamu ya kwanza ilipotoka 1970, mhakiki wa jarida la Rolling Stone aliandika kwamba hawa wakifanikiwa itabidi ajiue. Fikiria, vijana ndio kwanza wanatoa kazi yao ya kwanza, wanapokewa na maneno kama hayo! Doa likawaganda. Wengi waliowasema vibaya baadaye naamini hata hawakukaa chini kuwasikiliza.

Mpwa: Lakini ogani na gitaa zito si ndiyo mambo ya Deep Purple?

Mjomba: Walikuwa wakifanya mazoezi jengo moja, kule Hanwell, kwa hiyo sishangai. Tofauti iko kwenye sauti. Kwa Purple mara nyingi anaimba mmoja. Kwa Heep bendi karibu nzima inaitikia, tena juu kabisa. Shangazi yako ni mtu wa kwaya, aseme yeye. Dada, sikiliza "Sunrise", ya 1972. Uvae spika za masikioni.

Shangazi: Haya, naweka.

Baba Mdogo: Mwenye namba ya fundi bomba anitumie tafadhali. Samahani kwa kukatiza.

Binamu: Nakutumia pembeni, baba mdogo.

Shangazi: Jamani! Inaanza taratibu, ogani inanong'ona tu, mara wote wanafungua koo kwa pamoja. Hiyo sauti ya juu kabisa ni ya mwanamke?

Mjomba: Wanaume watupu. Mpiga dramu wao, Lee Kerslake, alikuwa mmoja wa wenye sauti za juu. Anapiga huku anaimba.

Shangazi: Kupiga dramu na kushika sauti ile kwa wakati mmoja si mchezo. Waimbaji wangu wamesimama tu na bado wanashuka.

Mjomba: [Picha] Haya, tazameni hili jalada. "Look at Yourself", 1971. Hapo katikati si karatasi, ni kitu cha kung'aa kama kioo. Ukiishika santuri unajiona mwenyewe. Wimbo uliobeba jina la albamu anaimba Hensley. Sasa sikilizeni sehemu ya mwisho, ngoma zinapochachamaa. Mnajua wanaopiga ni akina nani? Watu watatu wa bendi ya Osibisa: Teddy Osei, Mac Tontoh na Loughty Amao.

Baba Mkubwa: Osibisa hawa hawa wa Ghana?

Mjomba: Hao hao, kaka. Osei na Tontoh ndugu wa damu kutoka Ghana, Amao Mnigeria. Bendi yao iliundwa London.

Baba Mkubwa: Osibisa tumewacheza mpaka viatu vikaisha soli. Hili sikulijua. Nitumie huo wimbo sasa hivi.

Mpwa: Mjomba, kwa nini husemi habari za besi? Siku zote unasema bendi ni besi.

Mjomba: Nilikuwa naisubiri hiyo. Gary Thain, mtu wa New Zealand, aliingia 1972. Wapiga besi wengi wanamfuata mpiga dramu na kutulia hapo. Thain anatunga wimbo wake chini ya wimbo. Chukua albamu waliyorekodi mbele ya watu Birmingham, Januari 1973, tafuta "July Morning". Acha gitaa, acha mwimbaji, fuata besi tu. Haikai mahali pamoja, na haimkanyagi mtu. Bahati yake ikawa mbaya. Mwaka 1974 alipigwa na umeme jukwaani Dallas, akaumia vibaya. Heroini nayo ilishamshika. Bendi ikaachana naye, na Desemba 1975 akafariki akiwa na miaka 27. Naumia kila nikikumbuka. Ukitaja wapiga besi wakubwa, jina lake halitajwi.

Dada Mkubwa: Nilikuwa nasoma kimya, ila hapo kwenye "July Morning" siwezi kunyamaza. Mie nimesoma Sofia. Bulgaria wimbo huo una siku yake! Usiku wa tarehe 30 Juni vijana wanakwenda pwani ya Bahari Nyeusi, wanakesha na magitaa mpaka jua la Julai mosi litoke. Wanaiita hivyo hivyo, July Morning.

Binamu: Kwa ajili ya wimbo mmoja?

Dada Mkubwa: Wimbo wa zaidi ya dakika 10, wa Waingereza. John Lawton, aliyeimbia bendi hiyo baada ya Byron, alikuwa akienda kuwaimbia pale Kamen Bryag, kijiji cha pwani hiyo, jua likichomoza. Amefariki 2021.

Mjomba: Asante dada. Hapo mnaona, waliodharauliwa magazetini watu wamewawekea mkesha. Hensley na Kerslake nao wametutoka 2020, haikupishana hata miezi miwili. Mick Box bado anapiga. Albamu imetoka 2023, naye yuko kwenye bendi tangu mwanzo.

Shangazi: Nimerudia "Sunrise". Ile sauti ya juu nimeshaipata, ya pili ndiyo inanisumbua.

Mpwa: Mjomba, niko kwenye ile albamu ya Birmingham. Besi nimeisikia!

Mjomba: Safi. Rudia, safari hii fuata ogani.