Kariakoo wanatuuzia laptopu zilizokataliwa na Microsoft kwa bei ya mashine nzima, na Tume ya Ushindani (FCC) wamekaa kimya

Wakuu, heshima kwenu.

Hili suala nimelivumilia muda mrefu ila sasa limenifika shingoni. Mtu anajinyima, anakusanya laki nne na nusu, anashuka Kariakoo kutafuta laptopu ya mtumba. Anaambiwa ina Windows 11, analipa, anaondoka. Kumbe kabebeshwa mashine ambayo wenye Windows yao walishaikataa. Na aliyemuuzia anajua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo: anajua kabisa, na ananyamaza.

Mimi nina steshenari maeneo ya Ubungo. Nachapa, natoa kopi, napiga pasipoti, nawajazia watu maombi ya mkopo na ya ajira, kwa hiyo mashine za watu zinapita mezani kwangu kila siku. Juzi kaja binti wa mwaka wa kwanza na HP EliteBook 840 G3 aliyonunua kwa bumu lake, mama yake akamwongezea. Kwa nje inang'aa. Stika ya prosesa imekwanguliwa, gundi bado inanata ukipitisha kidole. Risiti imeandikwa kwa mkono: "i5, Windows 11". Shida yake ni kwamba apdeti haziingii. Nikafungua Task Manager, nikakuta i5-6300U, yaani prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Chini kulia kwenye skrini kuna yale maandishi ya kijivu ya kudai Windows isajiliwe. Ulinzi wa virusi umezimwa, maana fundi aliyeichakachua ilibidi auzime kwanza ili ajaribu kupitisha programu yake ya kusajili kwa njia za panya, na hakujisumbua kuuwasha tena. Humo humo binti anaingiza nywila ya akaunti ya mkopo, barua pepe na namba yake ya NIDA.

Karudi dukani na kaka yake. Jibu walilopewa: "Sasa dada, si inawaka?"

Kwa ambao hawakufuatilia, mambo yako hivi. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na mwaka huo huo mfanyakazi wa Microsoft anayeitwa Jerry Nixon alisema mbele ya watu kwamba hilo ndilo toleo la mwisho la Windows. Oktoba 2021 wakaleta Windows 11 na masharti yake: lazima mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iwe kwenye orodha yao. Kwa Intel, ukiacha chache sana, orodha inaanzia kizazi cha nane. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakaikatia huduma Windows 10. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilishakadiria tangu 2023 kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka kwa uamuzi huo.

Na hizo mashine hazina ubovu. Nyingi za kizazi cha sita na cha saba hata hiyo TPM wanayoidai zinayo. Ukiweka RAM ya GB 8 na SSD zinafanya kazi ya ofisi kutwa nzima bila kukwama. Zimekataliwa kwa sababu jina la prosesa halimo kwenye orodha. Sasa maofisi ya Ulaya na Marekani yakizitoa, zinajazwa kwenye makontena zinakuja huku, sisi tunalipia, na zikitushinda dampo lake ni la kwetu, Pugu Kinyamwezi.

Namna wanavyofanya wala si siri. Unaandaa flashi kwa programu ya Rufus, unaruka ukaguzi wa TPM na prosesa, Windows 11 inaingia. Rufus haina kosa, hata mimi naitumia. Kosa ni kumpigia mtu Windows kwa njia hiyo bila kumwambia. Microsoft wameandika wazi kwamba mashine isiyokidhi vigezo haina haki ya kupata apdeti. Leo zinaweza kuja, kesho zikakatwa, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe. Anayenunua anastahili kuyajua hayo kabla hajatoa hela yake.

Najua atakuja mtu kusema "nimetumia Windows 7 miaka yote bila apdeti na sijafa". Mkuu, Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu kwenye nchi zaidi ya mia moja, hospitali za umma Uingereza zikaahirisha matibabu. Tundu kilikopitia Microsoft walikuwa wamelitolea kiraka Machi mwaka huo huo. Kiliwakuta wasiokuwa nacho. Na moto ulipowaka wakatoa kiraka mpaka cha Windows XP, ambayo walikuwa wameshaachana nayo tangu Aprili 2014. Kwa hiyo wakitaka, wanaweza. Msituambie haiwezekani.

Sasa sikilizeni hili, ndilo linaloniuma kuliko yote. Kwa wenye Windows 10 Microsoft waliweka mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Masharti: ulipe dola 30, au uhifadhi mipangilio yako kwenye wingu lao, au utoe pointi 1,000 za zawadi zao. Vyama vya walaji vya Ulaya, chini ya mwavuli wa Euroconsumers, vikawakalia kooni. Septemba 2025 Microsoft wakalegeza: watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wanapewa bure, hawalipi dola, hawalazimishwi kuhifadhi chochote kwenye wingu, waingie tu na akaunti. Sisi tumebaki na masharti yale yale. Dola 30 ni zaidi ya elfu sabini, na unatakiwa uwe na kadi ya kulipia mtandaoni. Mashine ile ile, ingebaki nyumbani kwa mtu Ujerumani ingehudumiwa bure. Ikivuka bahari ikafika kwa mtoto wa mama ntilie wa Manzese, inadaiwa. Kwa lipi? Kwa sababu kule kuna watu waliosema hapana wakiwa na chama nyuma yao, na huku hakuna aliyefungua mdomo.

Tena huyu binti hata hiyo nyongeza haipati. Ni ya Windows 10 toleo la 22H2 tu. Fundi wa dukani alipoifuta Windows 10 akamwekea 11 ya kulazimishwa, alimwondolea na nafuu ndogo iliyokuwepo. Angemwachia ile ya zamani ingekuwa heri.

Wale wa "weka Linux Mint yaishe", yaani mfumo wa bure badala ya Windows, nimewasikia. Kwa mtu wa kuperuzi na kuchapa inatosha, na nimemweleza binti hivyo. Lakini mhadhiri anataka faili la Word lililopangwa vile vile alivyolipanga yeye, na mimi hapa bila Photoshop pasipoti haitoki. Halafu kwa nini mzigo wa kutafuta ufumbuzi abebe aliyetapeliwa? Aliyeuza mbuzi kwenye gunia yeye analala usingizi.

Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza waziwazi kumpotosha mlaji. Tuna Tume ya Ushindani, FCC, ambao kwenye bidhaa bandia tunawaona wakikamata mizigo. Basi waingie na kwenye maduka ya laptopu. Ninachodai ni karatasi moja tu kwenye kila mashine: jina kamili la prosesa, Windows inayoruhusiwa rasmi, na kama iliyomo imesajiliwa kihalali. Muuzaji aseme ukweli, auze kwa bei ya ukweli. Mashine ya kizazi cha sita ikiuzwa laki mbili na nikaambiwa ukweli wake, naichukua mimi mwenyewe.

Mpaka hapo, ukienda Kariakoo usiridhike na "i5" wala "i7" ya winga. Mwambie awashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, kisha CPU, usome namba inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-7300U ni cha saba. i5-8350U ni cha nane, hiyo inakubalika. Kwa HP 840 maana yake uanzie G5, kwa ThinkPad uanzie T480, kwa Dell Latitude 7490. Akikataa kuwasha au akikuharakisha, ondoka, maduka ni mengi. Na risiti aandike jina zima la prosesa, asikuandikie "i5" peke yake.

Binti na kaka yake wanaandika malalamiko rasmi kwa FCC, nawasaidia kuyachapa. Mwenye risiti ya aina hiyo, iliyoandikwa Windows 11 kwa mashine ya kizazi cha sita au cha saba, apige picha, afute jina na namba yake ya simu, aiweke hapa chini. Barua moja wataitupa kwenye droo. Zikiwa hamsini watalazimika kujibu.