Mkimbizi akivuka mpaka, apimwe na afya ya akili?

Mwana wa Ihumwa: Wakuu, mbukwenyi. Jana tumebishana kwenye kibanda cha chipsi Nkuhungu mpaka mayai yakaungua. Mkimbizi akiingia kutoka Kongo au Burundi anachanjwa surua, mtoto anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi tatu kujua kama ana utapiamlo, wanaandikishwa, safari ya kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Kwa nini asipimwe na akili hapohapo? Marekani wana dodoso la maswali 15 kwa ajili ya wakimbizi wapya, lilitengenezwa Seattle. Sisi tunashindwa nini?

Kabwela Makole: Hela unatoa wewe? Mwananchi wa Chemba anatembea kutwa kuifuata zahanati, leo mgeni aulizwe kama analala vizuri! Na mkishawapima mnawapeleka wapi? Hospitali ya akili ya Mirembe kwenyewe kumejaa vichaa wa Dodoma.

Sista Miyuji: Hapo mwisho ufute. Hao unaowaita vichaa ndio ninaowahudumia. Wana kadi za kliniki kama wewe na presha yako. Kuna mama anakuja na khanga mbili, moja ya kujifunika uso getini, asionwe na watu wa mtaani kwake. Sababu ni midomo kama huo.

Kabwela Makole: Presha yangu imeingiaje hapa?

Dotto wa Reli: Sista apewe maua yake. Mimi nikishuka Dar nikitaja Dodoma tu, konda anauliza nimetoroka lini. Ni hospitali ya taifa, wagonjwa wanatoka mikoa yote, ila vichaa ni wetu peke yetu!

Mkalimani Mstaafu: Turudi kwenye mada. Nimefanya ukalimani wa Kirundi kule Kasulu. Siku ya kwanza mtu hajalala, mtoto analia, jicho liko kwenye foleni ya maharage. Umuulize kama kuna wakati anatamani kufa, mama mkwe wake amesimama nyuma yake? Anakujibu "ndi amahoro", yaani niko salama, unaandika mzima, mwingine apite. Apimwe, ila wiki chache baadaye, faraghani, na awepo mtu wa kumfuatilia. La sivyo unatonesha kidonda halafu unaondoka. Na msisahau kujaribu kujiua ni kosa la jinai hapa kwetu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 217. Nani atamfungukia karani?

Kabwela Makole: Kumbe hata mtaalamu anakubali isifanyike. Asante mzee.

Mkalimani Mstaafu: Soma tena, kijana. Taratibu.

Ulyankulu Orijino: Mwananchi, mgeni, mwananchi, mgeni. Babu yangu alivuka kutoka Burundi 1972. Uraia tumepewa 2014, sisi zaidi ya laki moja na sitini elfu. Huyo mgeni wako ndiye anakuuzia mchele pale Majengo. Babu mpaka anazikwa alikuwa halali chumba chenye mlango mmoja, alitaka wa kutokea nyuma. Bibi alijua kwa nini, sisi tulikuwa tunamcheka. Zahanati alikwenda mara kibao, kwa malaria.

Kabwela Makole: Pole kwa babu. Ila mchele wako una mawe.

Mwana wa Ihumwa: Jamani, mada! Hata ile 2016 Warundi walipojazana kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika walitibiwa kipindupindu tu, basi.

Dotto wa Reli: Ilikuwa Mei 2015, meli ya Liemba ndiyo iliwasomba kuwaleta Kigoma. Na kipindupindu kinaua ndani ya siku, ulitaka waanze na dodoso badala ya dripu? Tusipindishe lakini. Kabwela hajaomba radhi.

Kabwela Makole: Nimuombe nani? Mjomba wangu mwenyewe analazwa palepale. Nyumbani tunamwita hivyohivyo na anacheka.

Sista Miyuji: Anacheka mbele yenu.

Mkalimani Mstaafu: Hilo la kifungu cha 217 hakuna mwanasheria humu?

Dotto wa Reli: Mzee subiri kwanza, Kabwela anaandika.

Kabwela Makole: Siandiki chochote. Nilikuwa natafuta picha ya ule mchele.

Ulyankulu Orijino: Kesho saa tatu asubuhi njoo na ungo wako. Tutauchagua mbele ya watu, na ukikosa jiwe unabeba gunia zima kwa bei ya rejareja.