Honi ya midi nimejiundia mwenyewe, waimbaji wote wanasikika wana mafua

FundiPongwe:
Wakuu, habari za jioni. Nakodisha muziki kwa shughuli ndogondogo hapa Tanga. Besi zangu mbili za inchi 15 hazina neno, twita nazo safi. Shida iko kwenye midi, sauti za katikati: maneno ya mwimbaji hayafiki meza za nyuma. Nikachukua spika ya inchi 8, omu 8, nikaiundia honi, yaani bomba linalopanuka mbele ya spika, ya plaiwudi ya mm 6. Mbao nne zilizonyooka, kooni sm 10 kwa 10, mdomoni sm 25 kwa 25, urefu sm 40. Mgongo wa spika nimeuacha wazi ipumue. Kelele inayo, tena sana. Lakini Jumamosi mama wa bibi harusi alinifuata akaniuliza, "Mwanangu, hiyo maiki imeingia maji?" Nimekosea wapi?

KibaoKata:
Shusha ikwalaiza hapo kwenye kilohezi 1, yaishe.

FundiPongwe:
Nimeshusha, mkuu. Mafua yakapungua, na maneno nayo yakaondoka.

MzeeWaKoni:
Ikwalaiza iacheni. Kosa ni mdomo. Sauti inapita kwenye bomba refu, ikifika mwisho inakutana na uwazi ghafla, sehemu yake inarudi ndani. Noti nyingine zinapanda, nyingine zinamezwa, ndiyo hiyo pua yako. Mdomo wa duara, mzingo wake ulingane na urefu wa wimbi la chini kabisa unalolitaka. Chukua hezi 250: kwa joto la Tanga wimbi lake ni kama sm 139. Mraba wenye eneo la duara hilo ni sm 39 kila upande. Wewe una 25!

Halafu kuta zisinyooke. Eneo liongezeke maradufu kila sm 7.7. Anza na koo la sm 10.5 kila upande; ukifika sm 7.7 uwe na 15, sm 15.4 uwe na 21, sm 23 uwe na 30, sm 29 unamaliza na 39. Umeona? Fupi kuliko yako.

Mgongo uzibe kwa kiboksi kisichovuja hewa, ndani utie sufi. Ukiuacha wazi, sauti ya nyuma inazunguka kuja kugombana na ya mbele. Na usiishushe mpaka 250 yenyewe, ikate chini ya hezi 400 kwa kapasita ya maikrofaradi 47 isiyo na chanya na hasi. Ukiikosa dukani, unga mbili za 100 hasi kwa hasi, utapata 50.

BintiRanda:
Mambo ya hezi siyajui, mbao nazijua. Hiyo mm 6 inaimba yenyewe, igonge kwa kidole utasikia. Ya kupinda tumia mm 3 safu mbili na gundi nyeupe, ifunge kamba kwenye fremu mpaka kesho yake. Vipande vya kuikaza viwe nje, kaka, ndani usiweke kitu.

FundiPongwe:
Moja imekamilika. Jana nimeipigia uani, nikamtuma kijana mpaka kwenye mwembe wa jirani. Karudi kanisomea ubeti mzima. Ila sasa inazimeza besi, na amplifaya ninayo moja tu.

MzeeWaKoni:
Honi ndivyo ilivyo, wati chache kelele nyingi. Tia rizista ya omu 8 kwenye waya wa honi, ya wati 20 kwenda juu. Omu zitakuwa 16, kwa hiyo kapasita ishuke nusu: mbili za 47 hasi kwa hasi. Rizista isiguse mbao, inachemka.