Naomba ushauri: urubani kwa mkataba wa shirika la ndege au kujilipia?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM, na hana ndoto nyingine zaidi ya urubani. Cheti cha afya cha daraja la kwanza ameshapata. Sasa familia imegawanyika.

Mama anataka asubiri nafasi za kadeti kwenye mashirika ya ndege. Huko ukipita unasomeshwa, ila unafungwa na mkataba wa miaka, na ukiondoka mapema unadaiwa. Nafasi zenyewe ni chache, zikitangazwa wanaomba watu kibao.

Mzee yuko tayari kuuza shamba asome Nairobi, pale uwanja wa ndege wa Wilson, alipie kila saa ya kurusha Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo. Leseni ya rubani wa biashara kwa kawaida inataka saa 200. Kinachoninyima usingizi ni baada ya hapo. Kampuni za Caravan, zile ndege ndogo za abiria, zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar zinapenda mwenye uzoefu, na leseni ya juu kabisa inataka saa 1,500. Hizo za katikati atazitoa wapi, shamba limeshauzwa? Na akiwa anasubiri kazi, kipimo cha afya lazima akirudie kila mwaka.

Mimi naegemea kadeti, lakini naogopa umri usije ukampita.

Mliosaini mikataba hiyo: ukifeli kipimo cha afya katikati, deni linabaki kwa nani? Na mliojilipia, kazi ya kwanza mliipataje? Chuo kikikubali malipo ya awamu, tukubali au tulipe yote?