Menyu ya kushuka kwenye Tkinter inanitoa jasho, naombeni ushauri wakuu

kijana_wa_Kihonda (Alhamisi, saa 3:12 usiku)
Wakuu, poleni na mihangaiko. Nina programu ndogo ya duka naiandika kwa lugha ya Python, upande wa madirisha natumia Tkinter, zana yake ya kuchora vitufe na menyu. Kuna kitufe, ukikibonyeza inashuka menyu ya bidhaa, unachagua, jina la bidhaa linakaa juu ya kitufe. Menyu inashuka, ila haikai sawa. Leo usiku wa tatu nakesha nayo. Swali langu: nibaki na Tkinter au nihamie PyQt, ile zana nyingine ya madirisha? Maana hii naona kama imezeeka. Nina haraka kidogo. Matusi tafadhali tuweke pembeni.

pilipili_kichaa
"Haikai sawa" ndiyo nini? Imelewa?

Shemeji wa Wote
Achana na madirisha mdogo wangu, peleka kila kitu kwenye simu. Binamu yangu alianza na hayo mambo ya vitufe, leo anauza chipsi Msamvu na ana maisha mazuri kuliko nyie wote humu.

nyoka_mtulivu (saa 3:31)
Tkinter haina kosa. Tk ya John Ousterhout, ambayo Tkinter imesimama juu yake, inashusha menyu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, haiwezi ikashindwa kwako. Kwanza sema unatumia kipi, maana viko vitatu na watu wanavichanganya: Menubutton (kitufe cha kushusha menyu), OptionMenu (kitufe chenye orodha yake tayari), au Combobox ya ttk (kisanduku chenye orodha; ttk ni seti ya vipande vya kisasa vya Tkinter).

Kama ni Menubutton, hicho ni kitufe tu, tumboni hakina kitu. Menyu unaiumba mwenyewe, na mzazi wake awe kitufe chenyewe, si dirisha kubwa. Ukiipa mzazi mwingine, Menubutton ya kawaida inagoma kuishusha. Halafu unawaunganisha:

kitufe = Menubutton(dirisha, text="Chagua bidhaa", relief="raised")
menyu = Menu(kitufe, tearoff=0)
kitufe["menu"] = menyu

Mstari wa tatu ndio husahaulika. Unakuwa na kitufe na menyu wanaishi nyumba moja, hawajuani. Na hiyo relief usipoiweka kitufe kinalala bapa kama lebo, mtu hajui kuwa kinabonyezwa.

kijana_wa_Kihonda
Ni Menubutton mkuu. Vyote hivyo ninavyo isipokuwa tearoff. Kumbe kile kimstari cha vidoti pale juu ndicho hicho! Jana nilikibonyeza menyu ikang'oka, ikawa kidirisha peke yake, ikabaki inaelea. Nimeweka 0 kimeondoka. Shukrani. Ila tatizo langu si hilo.

pilipili_kichaa
Basi ni lipi? Tumefika posti ya sita tunapiga ramli.

Mama Wawili (saa 3:52)
Mwanangu, kukesha siku tatu mfululizo ni kuutafuta ugonjwa. Mimi nina duka la vitenge. Mwaka juzi kijana mmoja alinitengenezea programu kama hiyo, ukibonyeza inashuka orodha ya vitenge vyote. Orodha ikawa ndefu inapita chini ya kioo. Kumpatia mteja "Nyota ya bluu" unashuka, unashuka, mteja keshahamia duka la jirani. Nikamwita aje aitazame, akasema yuko njiani. Mpaka leo yuko njiani. Nikarudi kwenye daftari langu la kaunta, kwaya tatu, na sijawahi kulichaji. Kula, lala, kesho utaona kosa lako.

nyoka_mtulivu
Mama, huyo alipaswa kuweka columnbreak=1 kwenye baadhi ya vipengele, orodha ikajigawa safu mbili tatu. Au angetumia Combobox, ile ina mkanda wa kuvutia chini. Menyu si ya kubeba ghala zima.

Wewe wa Kihonda, leta kodi tuone.

Shemeji wa Wote
Niliposoma "leta kodi" nikajua mwenye nyumba kaingia humu. Nilitaka kuzima data.

kijana_wa_Kihonda (saa 4:10)
Hiyo kodi, yaani maandishi ya programu, ni ya mteja, siwezi kuimwaga yote hadharani. Kipande kinachosumbua ni hiki:

for b in bidhaa:
    menyu.add_command(label=b, command=lambda: uza(b))

Majina yanatokea vizuri yote 38. Lakini ukichagua chochote, uwe plagi, uwe cheni, uwe saitimira, kitufe kinaandika "Waya wa klachi". Nimefuta nimeandika upya mara tano. Ndiyo maana nasema Tkinter imezeeka.

nyoka_mtulivu (saa 4:18)
Sasa umesema. Na "Waya wa klachi" ndiyo ya mwisho kwenye orodha, sivyo? Nimejua kabla hujajibu.

Kila lambda yako (kifunksheni kisicho na jina) haikubeba jina la bidhaa. Imebeba agizo: "ukibonyezwa, nenda kamtazame b ni nani." Inapokuja kubonyezwa, for imeshamaliza mzunguko zamani, na b amesimama pale alipoishia, kwenye waya wa klachi. Wajumbe 38 wote wanamkuta huyo huyo. Kosa liko kwenye Python yako, ukihamia PyQt utahama nalo. Kila lambda ipewe jina lake mkononi wakati inazaliwa:

command=lambda b=b: uza(b)

Au tumia add_radiobutton na StringVar (kihifadhi cha maneno cha Tkinter) moja kwa vyote, unapata na alama ya kilichochaguliwa. Ila hiyo StringVar uishike kwenye self, yaani ndani ya kitu cha programu kinachodumu. Ukiiacha ndani ya funksheni, funksheni ikiisha Python inaifagia na alama huioni.

Kobe Mzembe (saa 4:25)
Samahani, mimi si mtu wa kodi, ni mhasibu. Hapo juu umesema "mteja". Duka limeshaanza kuitumia?

pilipili_kichaa
Kobe kaja polepole ila kauma pazuri.

Kobe Mzembe
Ndugu wa Kihonda, tunasubiri.

kijana_wa_Kihonda (saa 4:47)
Limeanza Jumatatu. Ni duka la vipuri vya pikipiki. Dukani kulikuwa na nyaya za klachi sita, programu inasema zimeuzwa 119, kwa hiyo zimebaki -113. Bidhaa zingine zote hazijapungua hata moja. Fedha zenyewe ziko sawa kwa sababu bei muuzaji anaiandika kwa mkono, kule watu wanapatana. Kinachoharibika ni stoo tu.

Mama Wawili
"Stoo tu"! Na mwenye duka umemwambiaje?

kijana_wa_Kihonda (saa 5:02)
Nimemwambia kompyuta yake imechoka. Na kweli imechoka, msinielewe vibaya. Ina Windows 7, na Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8, kwa hiyo hata mimi nafanya kazi nimefungwa mikono. Amekubali, Jumamosi ananunua nyingine ya mtumba, laki tatu na nusu. Angeinunua siku moja, leo au mwakani. Mimi nilitaka tu kupata muda wa kutafuta kosa bila presha.

pilipili_kichaa
Ananunua kwa nani?

kijana_wa_Kihonda
Kwa jamaa yangu mmoja. Mashine ni nzuri, nimeipima mwenyewe.

Shemeji wa Wote
Na cha juu ni shilingi ngapi? Sema tu, humu ni nyumbani.

kijana_wa_Kihonda
Elfu hamsini. Lakini hiyo ni kawaida, ukimpelekea mtu mteja lazima akutoe. Hata mafundi ujenzi wanafanya kwenye saruji.

Mama Wawili (saa 5:11)
Kumbe yule wangu hakuwa peke yake. Mwanangu, mwanamke au mwanamume huyo mwenye duka anatoa laki tatu na nusu kwa sababu ya herufi tatu ulizosahau kuandika. Hizo hamsini utazila wiki moja. Jina lako Morogoro utalila miaka mingapi?

pilipili_kichaa (saa 5:20)
Ngoja kwanza. Nimerudi kusoma tangu juu, na hii kwangu ni CHAI. Sukari mtaongeza wenyewe. Alisema mwenyewe jina la bidhaa linakaa juu ya kitufe. Muuzaji siku nne anauza tairi, mbele ya macho yake kitufe kinaandika "Waya wa klachi", mara 119, haulizi? Na duka la vipuri lenye bidhaa 38 tu nionyesheni mimi, nikanunue lote. Huyu ana zoezi la chuo, katafuta hadithi ya kutupandisha mzuka tumfanyie.

Shemeji wa Wote
Eeh! Mimi na hiyo -113 ndipo niliposhtuka. Hata chai ina vipimo.

Kobe Mzembe
Kwa uzoefu wangu stoo hasi haishangazi. Niliwahi kukagua duka lenye mayai -2,000. Kuku wenyewe wangekataa. Ila hoja ya muuzaji ni nzito, ijibiwe.

kijana_wa_Kihonda (saa 5:41)
Si chai. 38 ni zile zinazotoka sana, nyingine tulisema tutaongeza baadaye. Na dada muuzaji aliuliza siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, kabla mteja wa pili hajaondoka. Nikamwambia mashine ni nzito, jina linachelewa kubadilika, aandike bei aendelee. Akaendelea. Anaamini nisemacho kwa sababu mimi ndiye fundi.

pilipili_kichaa
Hapo sijui nikuamini ndiyo nikutukane, au nisikuamini nikuache.

nyoka_mtulivu
Iwe chai, iwe maziwa, b=b ni b=b. Umeijaribu?

Kobe Mzembe
Na kama ni kweli, kosa la kesho ndilo limepona. Zile rekodi 119 zinajulikanaje zilikuwa za nini? Una bei na saa, lakini bei za kupatana hazikuambii kitu. Elfu nane inaweza kuwa breki, inaweza kuwa saitimira mbili.

kijana_wa_Kihonda (Ijumaa, saa 1:20 asubuhi)
Nimejaribu usiku ule ule. Nikachagua plagi, kikaandika plagi. Nikachagua cheni, cheni. Nilikaa nabonyeza moja moja zote 38 kama mtoto. Nyoka, Mungu akuzidishie.

Kuhusu rekodi, nimempigia dada alfajiri hii. Kumbe tangu ile Jumatatu alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari, analiweka chini ya droo ili mimi nisilione. Hakutaka kunivunja moyo.

Mama Wawili
Daftari! Nilisema mimi.

Kobe Mzembe
Huyo dada aongezwe mshahara. Ingiza upya siku nne hizo kutoka kwenye daftari, na zile za zamani usizifute, ziwekee alama kuwa zimebatilishwa.

Shemeji wa Wote
Na kompyuta?

kijana_wa_Kihonda (saa 1:48)
Jamaa anasema keshaifunga kwenye boksi na ameshakataa mteja mwingine kwa ajili yangu. Hata hivyo Windows 7 ni tatizo la kweli wakuu, hilo hamjalijibu. Nitaongea na mwenye duka kesho akija kulipia.

Mama Wawili
Si kesho akiwa na hela mkononi. Leo.

mgeni_wa_ttk (saa 4:05 asubuhi)
Wakuu samahani kuingilia. Mimi natumia OptionMenu ya ttk, nina mikoa mitano, inaonyesha minne. Wa kwanza, Arusha, inaumeza. Nayo ni mambo ya lambda?

nyoka_mtulivu
Hapana. Ile ya ttk, neno la kwanza baada ya StringVar inalichukua kuwa chaguo la kuanzia, hailiweki kwenye orodha. Andika Arusha mara mbili. Na ukimaliza, duka lako liko wapi?

mgeni_wa_ttk
Sina duka mkuu, ni zoezi la chuo.

pilipili_kichaa
Angalau huyu kasema mapema.